Meneja Egidius, Maziwa, na Ukuta Uliotudanganya

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, mgeni rasmi wa leo. Mwenyekiti wa klabu, Ndugu Polycarp. Viongozi wa klabu nne za bonde, ambao mwaka mzima tunagombana nanyi na leo mmekuja kula pilau yetu. Wazee mliokaa mbele kwa sababu ya masikio, na vijana mliokaa nyuma kwa sababu ya simu. Akina mama wa jikoni, ambao najua mnanisikia hapo dirishani. Na wewe Ndugu Egidius, meneja mkuu wetu wa miaka kumi na miwili, uliyekaa hapo na mkeo Wilhelmina, umevaa koti ambalo sijawahi kukuona nalo: nawasalimu nyote. Tumsifu Yesu Kristo! Asalaam aleikum! Na wale wa Bwana asifiwe, asifiwe sana. Walionizidi umri, shikamooni. Mmebaki wachache, lakini shikamooni.

Mimi ni Mwalimu Theresia. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne, na nusu ya waliomo humu nimewahi kuwaambia waende ubaoni. Sasa nimestaafu, ni katibu wa klabu hii, na kwa miezi miwili iliyopita nimekuwa mwenyekiti wa kamati iliyopewa kazi ya kumpima Ndugu Egidius. Ratiba mliyo nayo mkononi inasema nitatoa neno la shukrani. Nitalitoa, ila kabla ya shukrani kuna deni la maneno, na deni hilo ni langu mwenyewe. Naomba mnivumilie. Pilau haiwezi kukimbia.

Kwa wageni ambao hawaujui mtindo wetu, nieleze kidogo. Sisi hapa bondeni hatugombanii wachezaji wa mpira wa kikapu kwa kuvutana mashati. Kila mwaka, wakati wa masika, majina ya vijana wapya wa bonde zima huandikwa kwenye daftari moja. Mvua zikikatika, klabu tano zinakutana katika ukumbi huu, zinachagua kwa zamu. Iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo inaanza, bingwa anamaliza, halafu zamu ya pili inakwenda vilevile. Kila klabu inaondoka na vijana wawili. Siku hiyo tunaiita siku ya mgawo, na mtu anayesimama kutaja jina kwa niaba ya klabu ni meneja mkuu. Akikosea, tutaishi na kosa lake msimu mzima. Akipatia, tutasema ni bahati. Sasa niulize, nani kati yenu angeitaka kazi hiyo? Nyoosheni mikono niione. Haya, ndivyo nilivyodhani.

Egidius ameifanya mara kumi na mbili. Vijana ishirini na wanne.

Miaka sita ya kwanza hakuna aliyelalamika, kwani tulichukua kombe mara mbili, na mtu aliyeshiba halalamiki. Maneno yalianza miaka hii ya karibuni. Watu walitazama daftari la majina, wakaona kuna vijana wa mjini hapa, wa Viwanja Sitini, wa Kidatu kule mashamba ya miwa, wameandikwa futi sita na inchi tatu, futi sita na inchi nne. Warefu, watoto wa nyumbani, tunawajua. Halafu Egidius anasimama siku ya mgawo, anakohoa kile kikohozi chake, anataja kijana wa ng'ambo ya mto aliyeandikwa futi sita na inchi moja, ambaye hakuna anayemjua isipokuwa ng'ombe wa baba yake. Mwaka wa kwanza tukaguna. Mwaka wa pili tukanong'ona. Mwaka wa tatu likapatikana neno, na neno likipatikana hapa Ifakara, jamani, mnajua lenyewe linavyotembea. Likafika sokoni kabla ya nyanya.

Neno lenyewe lilikuwa maziwa. Eti Egidius anakwenda kwa wafugaji kila masika na baiskeli, anarudi na kibuyu cha maziwa kimefungwa nyuma. Eti ndiyo maana anachukua watoto wao na kuwaacha wetu. Eti meneja ananyweshwa. Na Egidius akipita na baiskeli yake watoto wanaimba, "Mgando huo! Mgando huo!" Mlicheka. Mimi pia nilicheka, na nilicheka kwa nguvu kuliko wengi, kwa sababu nilikuwa na jeraha langu.

Nilitaje jeraha hilo, maana bila hilo hamtanielewa. Mwaka juzi, katika lile daftari, kulikuwa na jina la William, mjukuu wangu ninayemlea mwenyewe tangu akiwa na miaka minne. Futi sita na inchi tatu. Niliketi pale, safu ya tatu, na kitenge kipya. Zamu yetu ilipofika Egidius akasimama, akakohoa, akasema, "Ndaki." Ndaki mwana wa mama Sikitu, wa ng'ambo ya mto, futi sita na inchi moja. Zamu iliyofuata tu wenzetu wa Mang'ula wakamnyakua William kama mwewe anavyonyakua kifaranga. Nilirudi nyumbani nikavua kile kitenge na sijakivaa tena mpaka leo. Ndicho hiki.

Basi mkutano mkuu wa mwaka huu ulipofika, nikasimama. Ndugu Polycarp atakumbuka, alijaribu kunikalisha mara mbili. Nilikuwa nimeandika barua ya kurasa tatu. Nikaisoma yote. Nikasema huyu bwana anastaafu mwaka huu, lakini asituage kwa heshima asiyostahili; achunguzwe mgawo kwa mgawo, na akionekana aliwapendelea watu, jina lake lifutwe kwenye kitabu cha klabu, na wachezaji walioingia kwa mlango huo watoke. Walioingia kwa mlango huo, kwa maneno mengine, Ndaki na Sayi. Vijana wawili ambao wanavuka mto mara tatu kwa wiki kuja mazoezini. Wajumbe wakapiga makofi, wakapitisha.

Na Ndugu Polycarp, kwa ile hekima yake ya kimyakimya, akasema, "Vizuri, Mwalimu. Kwa kuwa wewe ndiye mwenye uchungu, wewe ndiye utakayeongoza kamati. Mwenye uchungu hachoki." Mwenyekiti, siku ile nilidhani umenipa heshima. Baadaye nikaona umenipa adhabu. Leo nashukuru kwa vyote viwili.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: mimi, Ndugu Obed wa duka la mbolea, na mama Brigitha, anayetunza ukumbi huu, anayefungua, anayefagia na anayegombana na popo. Nikaanza kazi kama ninavyoijua mimi, kwa jedwali. Nikapanga majina ishirini na manne kushoto, nikaweka urefu, nikaweka nani aliachwa siku hiyo na urefu wake. Jedwali likawa zuri, haki ya Mungu. Nusu ya juu, ile miaka sita ya kwanza, Egidius alikuwa anachagua warefu kama kila mtu. Nusu ya chini, miaka sita ya mwisho, kila mwaka anaacha mrefu anachukua mfupi. Kila mwaka! Nikamwambia Obed, "Unaona? Alianza vizuri, kisha akaonja maziwa." Obed akasema, "Hesabu haidanganyi, Mwalimu." Nikamwambia, "Haijawahi."

Tukamwita Egidius. Akaja, akavua kofia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia kwa mbali, kama mtu anayeitikia simu ya kampuni.

Nikamuuliza moja kwa moja, "Maziwa ulikunywa, hukunywa?"

"Nilikunywa," akasema.

Obed akaandika.

"Ningekataaje, Mwalimu? Mtu umefika kwake umelowa mpaka kiunoni, anakupa kiti, anakupa kibuyu. Nilikunywa kwa mama Sikitu, nilikunywa kwa kina Sayi. Masagati hawana maziwa, walinipa togwa, nikanywa. Sanje wakanipa ndizi. Kama kula kwa watu ni kosa, basi andikeni na ndizi."

"Na huko ulikuwa unafuata nini?"

"Vijana. Masika mto ukijaa hawawezi kuja kuandikishwa. Sasa wasipokuja, si niende?"

Nikamwambia alete daftari lake mwenyewe, maana tulijua ana kaunta buku anayoandika mambo yake. Akalitoa kwenye mfuko palepale, akanipa kwa mikono miwili. "Chukua, Mwalimu. Mwandiko mbaya, utanisamehe." Nikalichukua nikaliweka chini ya mafaili. Sikulifungua. Niseme ukweli, nilijiona sina haja. Nilikuwa na jedwali.

Ndugu wageni waalikwa, sasa nafika kwenye aibu, na naomba akina mama wa jikoni waache kugonga sufuria.

Nilitaka kumaliza kazi kwa kishindo. Nikasema, karatasi watu wanaweza kuibishia, basi tuwasimamishe hao vijana wenyewe, macho yaone. Nikamwita Ndaki, nikamwita William, Jumamosi saa nne asubuhi, hapa hapa. William futi sita na inchi tatu, Ndaki futi sita na inchi moja. Nikawaambia, "Simameni mgongo kwa mgongo." Wakasimama.

Nikatazama. Nikavua miwani, nikaifuta, nikatazama tena.

Ndaki alikuwa amempita William, na si kidogo. Kichwa cha mjukuu wangu kilikuwa kimekomea kwenye sikio la mwenzake.

"Ndaki," nikasema, "vua viatu."

"Ni katambuga, Mwalimu."

"Vua hivyohivyo!"

Akavua. Bado. Nikamwambia William anyooke, akasema, "Bibi, nimenyooka." Nikamwambia Ndaki ashuke visigino, akasema, "Mwalimu, nimeshuka." Obed akaanza kutazama dari. Mimi nikaanza kukasirika, na sikujua namkasirikia nani. Unaishi na mtu nyumba moja, unampakulia wali kila siku, hujui urefu wake? Lakini hebu niwaulize wazazi mliomo humu: nani anampima mtoto wake kwa macho? Daftari lilisema futi sita na inchi tatu, nami nilikuwa namwona futi sita na inchi tatu.

Nikamwambia William, "Hebu kasimame ukutani." Pale, mnaona, kushoto kwa ubao, zile alama nyekundu. Hapo ndipo vijana wote wanaokuja kujiandikisha wanapopimwa. Akasimama. Ukuta ukasema futi sita na inchi tatu. Ndaki akasimama. Ukuta ukasema futi sita na inchi saba.

"Lo," Obed akasema, "huyu amekua inchi sita tangu mwaka juzi!"

Hapo mama Brigitha, ambaye wiki zote hizo alikuwa hajasema neno zaidi ya "karibuni chai", akaegemea ufagio wake akasema, "Mwalimu, si nyie mlioijaza hii sakafu?"

Nikatazama chini, kwenye zege.

"Baada ya yale mafuriko," akasema. "Maji yalipoingia humu ndani mkasema sakafu ipande. Mkajaza kifusi, mkamwaga zege. Nusu futi. Mimi ndiye niliyewapikia mafundi. Ukuta mkauacha."

Jamani. Nusu futi. Inchi sita. Sakafu ilipanda, alama hazikupanda. Na kwa kuwa alama zinaanzia futi nne kwenda juu, hakuna aliyeona kwamba chini ukuta umezama nusu futi. Kijana anasimama juu ya zege la nusu futi, ukuta unamsoma kama aliyesimama pale chini pa zamani. Kwa miaka sita ukumbi huu umekuwa ukirefusha watoto wa watu. Mheshimiwa Diwani, wewe ulipoingia leo kwa ule mlango wa pembeni umeinama, na watu wakasema, tazama kiongozi alivyo mnyenyekevu. Si unyenyekevu, Mheshimiwa. Ni sakafu. Sote tunainama pale miaka sita sasa, na hakuna aliyejiuliza.

Lakini basi, mtu mwenye akili atasema: kama ukuta uliwarefusha wote sawasawa, tatizo liko wapi? Si yule aliye mrefu anabaki mrefu? Swali zuri, na jibu lake ndilo lililoniketisha chini. Ukuta uliwarefusha wale tu waliofika hapa. Vijana wa mjini, wa Kidatu, wa Mang'ula. Wale wa ng'ambo ya mto na wa Masagati hawakufika, mto umejaa, barabara imekatika. Hao walipimwa makwao na Egidius, kwa utepe wa fundi cherehani alioazima kwa mkewe. Wilhelmina, mama, nyanyuka watu wakuone. Huyo hapo! Utepe wa huyu mama haukuwa na mafuriko. Ulisema kweli. Ndipo mimi, mwalimu wa hesabu wa miaka thelathini na minne, nikachukua vipimo vya ukuta na vipimo vya utepe nikaviweka kwenye safu moja ya jedwali, nikavilinganisha, nikamhukumu mtu. Mwanafunzi wa darasa la tano angefanya hivyo ningemwekea kosa la wino mwekundu, na ningemwita mzazi.

Na nani alipaka zile alama ukutani? Mimi, kwa rula ya darasani. Nani alisimamia kamati ya kujaza sakafu? Mimi. Cheka, Polycarp, cheka tu, leo ruksa.

Lipo bado moja. Nilikwenda kwenye majalada ya klabu, nikatafuta kama kuna mtu aliwahi kuliona jambo hili. Nikapata muhtasari wa kikao cha miaka mitano iliyopita, wajumbe wa klabu zote tano wapo. Nanukuu: "Ndugu Egidius alisema ukumbi huu siku hizi unarefusha watu, akashauri upimwe upya. Wajumbe walicheka. Kikao kikaendelea na ajenda ya jezi." Mwisho wa kunukuu. Mwandiko ni wangu. Aliona, akasema, tukamcheka, nikaandika kwamba tumemcheka, tukajadili rangi ya jezi.

Nilimfuata kwake jioni ile ile. Nikamkuta anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Nikamuuliza, "Egidius, kwa nini hukusema tena?"

Akasema, "Nilisema, mkacheka. Nikaona basi, mimi naujua utepe wangu. Ila Mwalimu, si kwamba nilificha."

"Ulijuaje?"

"Nilisimama pale siku moja nimeegemea ukuta, nikaona nimeandikwa futi sita. Nina miaka hamsini na sita, Mwalimu. Nikajua hapa kuna jambo, maana mzee harefuki."

Baada ya hapo ndipo nikalifungua daftari lake. Tukaanza kazi upya, safari hii kwa kweli. Tuliziandikia klabu zote nne, zikatupa orodha zao, na nawashukuru, maana hamkulazimika. Nitawasomea tulichokipata, na sitampamba mtu.

Kati ya vijana wake ishirini na wanne, kumi na watano wamecheza misimu mitatu au zaidi, au bado wanacheza. Katika klabu nyingine hakuna iliyofikisha kumi. Ndugu zetu wa Kidatu, nyie mko saba, na yule senta wenu mliyemchukua akiwa futi sita na nusu, nadhani sasa mmeelewa kwa nini hafiki. Poleni sana. Hiyo ni hesabu ya kwanza.

Ya pili ni makosa, kwa sababu mtu akisifiwa bila makosa yake, hiyo ni tanzia, na Egidius bado yu hai. Alimchukua Jofrey, ambaye mpaka leo akipasiwa mpira anafumba macho. Jofrey, usijifiche, kijana wangu, wewe ni mpiga ngoma mzuri. Alichukua vijana wawili ambao hawakumaliza hata msimu. Na kubwa kuliko yote, alimwacha Seni wa Sanje, ambaye leo anacheza Dar es Salaam na watu wanamlipia kiingilio. Tulipomuuliza kuhusu Seni hakuzunguka. Alisema, "Hapo nilikosea. Alikuja na viatu vipya vyeupe, nikasema huyu ni wa kuringa. Nilimtazama miguu, sikumtazama mchezo. Hilo linaniuma mpaka leo." Tuliandika hivyo hivyo. Ndugu zangu, mtu anayeweza kusema "nilikosea" bila kutafuta wa kumsukumia, mimi nikamwamini na mengine.

Na ya tatu ni namna anavyochagua. Katika lile daftari hakuna safu ya urefu. Kuna sentensi moja moja. Kwa Sayi ameandika, "Akianguka anatazama mpira kwanza, goti baadaye." Kwa Ndaki ameandika, na hapa alikuwa amemkuta akipitisha ng'ombe arobaini kwenye kivuko chembamba, "Hamfuati ng'ombe. Anamtangulia." Mmeona anavyokaba? Mmeona anavyofika mahali kabla ya mtu hajaamua kwenda? Tulikuwa tunalipa makofi kwa jambo hilo kila Jumapili, na katikati ya wiki tunasema aliingia kwa maziwa.

Basi kamati imemaliza, na uamuzi wake ni huu, na nausoma mbele ya Mheshimiwa Diwani ili usirudi nyuma. Ndugu Egidius hakupendelea mtu. Jina lake linabaki kwenye kitabu cha klabu, ukurasa wa kwanza. Ndaki na Sayi wanabaki kwenye timu, na mtu yeyote atakayewaita jina la kinywaji atanijibu mimi. Alama za ukuta zimepakwa upya juzi, mama Brigitha ameshika kamba, Wilhelmina ameshika utepe. Na utepe wenyewe, leo, unakabidhiwa kwa meneja mpya, binti yetu Rosemery. Rosemery, usiupoteze. Ukiupoteza njoo kwa Wilhelmina, usije kwangu.

Hamjui nilivyopumua. Miezi miwili nilikuwa nalala na mawe kifuani. Kwanza nililala na hasira, kisha nikalala na hofu, kwamba nitakuja kusimama hapa na kukuta nimemwangusha mtu mzuri siku yake ya mwisho, na vijana wawili pamoja naye. Ingewezekana kabisa. Yote yalitegemea ile Jumamosi moja tu. Kama Brigitha angekuwa na adabu ya kunyamaza mbele ya mwalimu, leo hii tungekuwa tunamuaga mtu huyu kwa aibu na kula pilau juu yake. Nashukuru Mungu kwa watu wanaofagia na wasiosahau.

Lakini nimesema nina deni, na bado sijalilipa.

Nilipokuwa nasoma daftari la Egidius, mwandiko mbaya kweli, nikafika ukurasa wa mwaka juzi. Nilitaka kuuruka. Nikauona mstari, nikausoma mara moja, nikafunga daftari, nikaenda nje. Naomba niusome sasa. "William, mjukuu wa Mwalimu. Si mrefu, ukuta unamsingizia. Ana macho, anaona mwenzake kabla hajageuka. Apewe mpira aongoze timu. Wengine watamtaka kwa urefu, wakishagundua watamwacha. Zamu ya pili, nimchukue."

Zamu ya pili. Hakumkataa. Alimpangia. Wenzetu wa Mang'ula wakamchukua kabla, kwa ajili ya inchi sita ambazo mimi mwenyewe nilizimwaga kwa zege, wakamsimamisha chini ya goli na warefu wa kweli, na miaka miwili mjukuu wangu amekuwa akirudi nyumbani na viwiko vya watu usoni, na mimi namwambia, "Mtu mrefu hivyo unashindwaje? Mvivu wewe!" Nilimwambia hivyo, tena si mara moja. Nilipomweleza habari ya sakafu aliniuliza, "Kwa hiyo Bibi, mimi siyo mvivu?" Nilimpakulia chakula.

William, simama. Huyu hapa, futi tano na inchi tisa, kwa utepe. Hapana, wewe siyo mvivu. Nasema mbele ya bonde zima. Na wenzetu wa Mang'ula, tumeongea, mmekubali msimu ujao aongoze timu yenu na mpira mkononi. Tutakutana uwanjani, na mtatufunga, na nitashangilia upande usio wangu.

Ndugu Egidius, mdogo wangu. Barua yangu ya kurasa tatu ni hii. Naichana. Msaada, Obed, karatasi nzito. Haya. Nakuomba radhi, wewe na Wilhelmina, na wewe mama Sikitu, uliyevuka mto leo asubuhi kuja kukaa katika ukumbi ambamo kibuyu chako kilifanywa kesi. Nilikuja kwako Jumatano, unakumbuka. Nilifika nimelowa mpaka kiunoni. Ulinipa kiti, na ukanipa kile kitu ulichompa yeye, na sikuweza kukataa, nikanywa. Sasa najua mtu anakataaje: hakatai. Wabeja sana, asante sana, mama.

Nilimwomba anijazie kingine, na hiki hapa, kipo chini ya meza tangu asubuhi. Egidius, inuka, njoo. Watoto mlioimba wimbo ule, tazameni hapa. Hakuna zawadi nyingine kutoka kwangu, koti tayari unalo. Pokea kwa mikono miwili, kama ulivyonipa daftari. Kunywa, mbele ya Diwani, mbele ya klabu zote tano. Kunywa, Bwana Meneja, usiache hata tone. Na nyie wengine mliokaa, mmenipa masikio yenu muda mrefu, nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Sasa simameni, mpigieni makofi mpaka amalize.